Barua Aliyoisoma Tirzah

Nianze na langu, maana anayekimbilia kusimulia ya wenzake huwa ana cha kuficha. Mdogo wangu Tirzah Stroud alitimiza miaka kumi na minane hajui kusoma, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Msinielewe vibaya. Sikuja hapa kuwatukana wanaofundisha watoto nyumbani. Kwetu huku milimani kusini mwa Missouri ni jambo la kawaida, na katika kanisa letu aliyempeleka mtoto shule ya serikali ndiye aliyeulizwa kulikoni. Mimi mwenyewe Mama alinifundisha mezani jikoni, unga mikononi, na nilipokuwa na miaka minne nilikuwa nasoma maandishi ya magunia ya chakula cha mbuzi. Nilipofika chuoni niliwaacha mbali wenzangu waliosoma kwenye majengo ya ghorofa. Wesley Tolliver, jirani yetu, alisomea kwenye banda la matrekta la baba yake na leo anachora madaraja. Anayesema mtoto wa nyumbani hajui kitu, na aje tuulizane maswali.

Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Mama alikuwa na nguvu, alikuwa na muda, na alikuwa na mimi peke yangu. Tirzah alikuwa wa tano. Alipofikia umri wa kufundishwa, Mama alikuwa na mimba ya sita iliyomlaza kitandani miezi mitatu, mbuzi thelathini wa kukamua, na mume anayetoka alfajiri kwenda kuchomelea matela na kurudi amechoka hata kuongea. Kwetu kuna desturi: kila msichana mkubwa hupewa mdogo wa kwake. Unamwogesha, unamsuka, unamfundisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipopewa Tirzah. Mtoto kapewa mtoto.

Tulianza na herufi. Wiki ya kwanza akaniambia, "Dada Keturah, hizi zinacheza."

"Zinacheza nini?"

"Hii ilikuwa hapa, sasa imehamia kule."

Nikamwambia aache utani. Akalia. Nikamwambia tena kesho yake, na kesho kutwa, na mwezi ukaisha, na yeye bado neno la herufi tatu linamtoa jasho. Nikaenda kwa Mama kitandani nikamwambia mtoto hashiki.

"Hajawa tayari," Mama akasema. "Ua halifunguliwi kwa vidole, Keturah. Mdogo wako Boaz alianza kusoma ana miaka tisa, na sasa humtoi kwenye kitabu. Mwache."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yetu, na kina mama wote kanisani waliishika. Shule ya serikali inawalazimisha watoto, sisi tunasubiri mtoto akomae. Kila mama alikuwa na hadithi ya mtoto fulani, wa kaunti fulani, aliyeanza kusoma na miaka kumi na mmoja na sasa ni daktari. Huyo daktari sijawahi kukutana naye, na mimi nafanya kazi hospitalini.

Basi tukasubiri. Na wakati tunasubiri, Tirzah akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekifanya. Akatumia masikio. Ukimsomea ukurasa mara mbili, mara ya tatu anakurudishia wote, na pale ulipovuta pumzi naye anavuta. Mashindano ya kukariri maandiko ya kila vuli alishinda miaka sita mfululizo, akawapita wavulana wenye ndevu. Baba alizipanga riboni zake za buluu za ushindi ukutani juu ya jiko la kuni. Wageni wakija anaambiwa, "Tirzah, hebu watolee kidogo," naye anasimama na sketi yake ndefu, mikono nyuma, anatiririka. Nani angemshuku mtoto kama huyo kuwa hajui kusoma?

Nisisahau Ahadi ya Nyumba. Hiyo Baba aliitunga mwaka alipomwoa Mama, na sisi tuliisema kila asubuhi tumesimama nyuma ya viti vyetu kabla ya kugusa chakula: *Sisi wa nyumba ya Stroud tunaamka kabla ya jua. Tunafanya kazi kabla ya kula. Tunasema kweli hata ikituuma. Hatuombi cha mtu, na wa kwetu hatumwachi nyuma.* Kila siku ya Mungu. Hata ukiwa na homa unaisema ukiwa umejifunika blanketi.

Sheria ya jimbo letu inataka saa elfu moja za masomo kwa mwaka kwa kila mtoto, na mzazi ndiye anayeziandika. Kwetu niliziandika mimi, kwenye daftari la jalada la kijani. Kukamua mbuzi nikaliita somo la sayansi. Kupima sukari ya jemu, hisabati. Na saa zote ambazo Tirzah alikariri maandiko nikaziweka chini ya kusoma. Sikujiona mwongo. Mama alinionyesha hivyo, na yeye alionyeshwa na kina mama wenzake. Ukikariri maandiko si umesoma?

Aliyegundua alikuwa Bibi Opal, mama yake Baba. Yeye alipika miaka ishirini na sita katika shule ya serikali ya mjini, na Mama hakumpenda kwa hilo na kwa mengine. Siku moja Bibi alimpa Tirzah sanduku la unga wa keki amsomee maelezo ya nyuma, maana miwani yake aliiacha garini. Tirzah akaligeuza sanduku, akalitazama, akasema tumbo linamuuma.

Bibi akaingia jikoni. "Lavonne, mtoto huyu ana miaka kumi na hajui kusoma."

"Atasoma akiwa tayari."

"Tayari ya lini? Akishaolewa? Nimewapikia watoto elfu, mama. Wa namna hii nawajua. Kuna walimu wao maalumu, wanawakalisha mmoja mmoja, na wanasoma."

"Hao hao waliomfundisha yule mwanao mwingine kuvuta bangi?"

"Vernon alijifundisha mwenyewe nyuma ya zizi lako hilo, usiwasingizie watu," Bibi akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Baada ya wiki tatu ikaja simu: ofisi ya ustawi wa watoto imepata taarifa, mfanyakazi wao atatutembelea Alhamisi. Mama alikaa chini pale pale sakafuni. Kanisani tulikuwa tumelelewa na hadithi za watoto waliochukuliwa. Wanakuja na gari jeupe, tuliambiwa, wanawagawa, kaka huku dada kule, na mama anabaki kukumbatia mito. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na barua ya chuo cha Springfield ilikuwa imeshafika, imekubali alama alizoziandika Mama kwa mkono wake. Ikijulikana kwamba shule ya Stroud ni daftari la mbuzi na jemu, nani angeziamini alama zangu? Hilo niliwaza. Niliwaza hilo kabla ya kumwaza Tirzah, na sitaki kulipamba.

Nilichukua kitabu kimoja cha watoto kuhusu msichana na farasi wake, nikachagua kurasa mbili. Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilijifungia na Tirzah kwenye chumba cha kuhifadhia mitungi ya matunda. Nilimsomea, akashika. Nikamfundisha kupeleka kidole chini ya mistari. Nikamfundisha kukwama kidogo kwenye neno refu, kisha kulimaliza kwa furaha.

"Dada," akaniuliza, "kwa nini nisimwambie tu kwamba herufi zinacheza? Bibi anasema wana walimu wa hayo."

"Ukimwambia watatuchukua. Unataka kulala kwa watu usiowajua?"

Akatikisa kichwa. Hakuuliza tena.

Alhamisi akaja mwanamke mmoja mnene, mpole, ana mafua. Aliitwa Bi Hensley. Gari lake lilikuwa jekundu. Alinywa chai baridi, akalipitia daftari la kijani, akaangalia friji, vitanda, meno ya watoto. Kisha akasema, "Na wewe Tirzah, ungependa kunisomea kidogo?"

Nikampa Tirzah kitabu nikiwa nimeshakifungua. Akasoma. Kidole kikaenda, akakwama kwenye neno lake refu, akalimaliza, akatabasamu. Lakini ukurasa wa kwanza ulipoisha, yeye hakufunua. Aliendelea na sentensi mbili nzima za ukurasa wa pili huku macho yakiwa bado kwenye ule wa kwanza. Nikakohoa. Akashtuka, akafunua. Bi Hensley alikuwa ameinama anapenga kamasi, hakuona.

"Vizuri sana," akasema. "Unataka kunisomea na kingine? Chochote utakacho."

Tirzah hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa vile tena. Mtoto alikuwa ameona mlango uko wazi, na alikuwa ananiomba ruhusa ya kupita.

Nikasema, "Amechoka, mama. Aliamka mapema kukamua."

Bi Hensley akafunga faili lake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Gari jekundu lilipoondoka alinikumbatia hadi mbavu zikauma.

Agosti ile nikaenda chuoni. Miaka saba ikapita. Nikawa mpima damu hospitali ya Springfield, nikapanga nyumba, nikakata nywele, nikanunua suruali. Nilipopiga simu nyumbani niliuliza, "Tirzah anaendeleaje na kusoma?" na Mama anajibu, "Anakuja, anakuja." Nikimuuliza Tirzah mwenyewe anasema, "Naendelea, dada." Nami najua. Nilijifanya mjinga kwa sababu kujifanya mjinga kuna raha yake. Bibi Opal akafa katikati ya miaka hiyo, na kwenye mazishi hakuna aliyeitaja ile simu yake kwa watu wa ofisini.

Mei mwaka jana nikapata kadi ya mwaliko: mahafali ya wanafunzi wa nyumbani wa kanisa letu, wahitimu watano, Tirzah mmojawapo. Nikaenda. Hao wahitimu huwa hawana mkuu wa shule. Baba wa mtu ndiye anayempa mwanawe cheti, na cheti kachapisha mwenyewe kwenye karatasi nene. Baada ya cheti kuna kitu tunachokipenda kuliko vyote. Mama anamkabidhi mtoto barua iliyofungwa, ambayo mtoto hajaiona, na mtoto anaifungua na kuisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Mimi nililia sana kwenye yangu. Ni ushahidi wa mama kwamba kazi ameimaliza.

Nilifika siku moja kabla, mchana. Tirzah alikuwa zizini. Alikuwa mrefu kunishinda, na kwenye mikono ana makovu ya waya za uzio. Hakunisalimia kwa maneno mengi.

"Barua iko kwenye droo ya Mama, chini ya vitambaa vya meza," akasema. "Wote wameenda kupamba ukumbi. Ifungue kwa mvuke wa birika, unisomee mara mbili, uifunge. Hicho tu nakuomba."

"Tirzah."

"Mara mbili tu, dada. Hata mara moja itatosha."

Nilikuwa nimeyafikiria hayo njia nzima, saa mbili za kuendesha gari. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sitamfunika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, safari hii hapana. Mwambie Mama leo. Nitakaa pembeni yako. Akijua, atakusaidia. Mimi nitakusaidia. Springfield kuna darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi, bure. Ukiifunika na hii, utafunika maisha yako yote."

Akacheka kidogo. "Umesubiri mpaka leo ndiyo unipe mafunzo ya kusema kweli."

"Najua."

"Ulinifundisha kidole, dada. Ulinifundisha mpaka pa kukwama. Sasa nataka ukurasa mmoja, wewe umeokoka."

Nikarudia kwamba sitaweza. Akachukua ndoo yake akaenda zake. Nilijiona nimefanya jambo la haki, na haki hiyo haikunigharimu hata senti.

Asubuhi ya mahafali tulisimama nyuma ya viti tukasema Ahadi. Nilikuwa na miaka sijaisema, mdomo ukaenda wenyewe. Tulipokaa, Mama akampakulia Tirzah mayai, akasema bila kumtazama, "Usiiogope barua, mwanangu. Hakuna neno humo usilolijua."

Tirzah akaacha kutafuna. Nikadhani Mama anamtania tu, kwa vile mama wote husema hivyo kwa watoto wenye wasiwasi.

Ukumbi wetu ni duka la zamani la pembejeo, na hata leo mvua ikinyesha unanuka mbolea. Kila mhitimu anakuwa na meza ya kuonyesha kazi zake. Mtoto wa kina Yoder alikuwa na darubini aliyoiunda mwenyewe, na kijitabu cha hesabu ambazo hata mimi sikuzielewa. Meza ya Tirzah ilikuwa na kwilti, shuka nene la viraka vya rangi kumi na nne, mitungi ya mapichi iliyong'aa, jibini la mbuzi na zile riboni za buluu. Wanawake waliigusa ile kwilti wakasema mume atakayempata ana bahati. Watu walikuwa kama mia na ishirini.

Baba akampa cheti, akambusu utosini. Mama akapanda jukwaani na bahasha nyeupe. Akamkabidhi, akarudi kukaa mstari wa mbele, karibu na mimi na mdogo wetu wa mwisho, Keren, mwenye miaka mitano.

Tirzah akafungua bahasha. Akakunjua karatasi. Akaitazama kwa muda ambao mimi niliona hauishi. Nilikuwa natamani aiweke chini, aseme, "Sijui kusoma," ili tuanze upya na aibu yetu ikiwa nje. Nilikuwa tayari kusimama.

Akaanza kusoma.

"Tirzah mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ile ya mashindano, wazi, isiyo na haraka. "Nakuandikia kwa sababu kukuambia uso kwa uso nimeshindwa. Ulipokuwa na miaka mitano ulisema herufi zinacheza. Nikasema usubiri. Ulipokuwa na minane ukasema tena, nikasema usubiri. Kisha ukanyamaza, na mimi nikafurahi ulivyonyamaza, maana nilikuwa nimechoka."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Niliwaogopa watu wa ofisini kuliko nilivyoogopa kukuacha gizani. Walikuja, na ukaangalia kama kuna mtu atakayekutetea, na hapakuwa na mtu." Hapo akaninyanyulia macho mara moja, akayarudisha kwenye karatasi. "Hukuwa mvivu, Tirzah. Hukuwa mjinga. Kosa lilikuwa la wakubwa. Nisamehe. Ni mimi, mama yako."

Akaikunja karatasi, pindo juu ya pindo, kama ilivyokuwa.

Kisha mchungaji akasimama, machozi mashavuni, akasema, "Ndugu zangu, ni mzazi gani kati yetu ana unyenyekevu wa kuandika barua kama hiyo? Mtoto aliyesumbuliwa na herufi, na leo mmemsikia wenyewe alivyosoma!" Watu wote wakainuka. Walipiga makofi mpaka Keren akaziba masikio. Wanawake wakamzunguka Mama, wanamshika mabega, wanasema, "Lavonne, umetufundisha leo. Kweli subira yako imezaa." Na mama yangu, ambaye kila asubuhi anatusimamisha kusema tunasema kweli hata ikituuma, aliinamisha kichwa na kujibu, "Ni kwa neema tu."

Tirzah aliiacha barua mezani, karibu na mitungi ya mapichi. Watu walipohamia kwenye chakula, nyama na maharage na mikate ya mahindi ya kila nyumba, nikaichukua.

Ilikuwa mistari michache, mwandiko wa Mama, herufi kubwa zimetenganishwa kama za kumwandikia mtoto. *Sisi wa nyumba ya Stroud tunaamka kabla ya jua. Tunafanya kazi kabla ya kula.* Mpaka mwisho, neno kwa neno. Ahadi ya Nyumba, na chini yake: *Mama.* Hakukuwa na kitu kingine.

Nikamfuata Mama jikoni mwa ukumbi. Alikuwa peke yake anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikamwekea karatasi mbele yake.

"Ulijua," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu yule mwanamke. Alisoma sentensi mbili hazipo kwenye ukurasa. Nikakusikia unakohoa." Hakuacha kusugua. "Nilikuwa na mtoto mchanga, yule aliyemtangulia Keren. Nikasema ngoja atulie kwanza. Kisha nikasema ngoja mavuno yapite. Ukishasema ngoja mara nyingi, Keturah, unaona aibu hata kuanza."

"Ungemwambia basi kilichoandikwa! Ungemnong'oneza tu!"

"Nilimwambia. Asubuhi. Nikamwambia hakuna neno asilolijua. Nilidhani akiiona atatambua japo jina letu, pale juu. Anaisema kila siku tangu aanze kuongea." Ndipo akaniangalia. "Ningesema zaidi ya hapo ningekuwa nimekiri kwamba najua. Na wewe? Jana alikuomba zizini. Nilirudi kuchukua mkasi, nikawasikia. Wewe ulimsomea?"

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni.

"Basi osha hivi vikombe," akasema.

Kesho yake asubuhi nilipakia begi garini na kumtafuta Tirzah. Alikuwa amekaa ngazi za nyuma anamsuka Keren. Nikampa ile karatasi, nikamsomea ilivyoandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikienda pamoja nami, na nilipomaliza aliigeuza karatasi huku na huku. Aliweka kidole kwenye jina letu, akakiondoa.

"Kumbe ndivyo linavyokaa," akasema.

"Twende Springfield. Leo hii. Una miaka kumi na minane, hakuna wa kukuzuia. Kitanda kipo, darasa lipo Jumanne. Tirzah, nakuomba."

"Juzi ningekuja," akasema. "Kama juzi ungenisaidia, ningekuja nawe popote. Sasa nimeshawasomea watu mia na ishirini, dada. Mchungaji anataka niende makanisa mengine matatu na barua hiyo hiyo. Mama ameshamwambia ndiyo."

"Na wewe umesemaje?"

"Ninaijua vizuri sana." Akamaliza msuko mmoja, akaanza mwingine. "Halafu kuna huyu. Jumatatu anaanza masomo. Nimepewa mimi."

Nilimtazama Keren. Ana jino moja limeng'oka mbele. Alikuwa amekunja magoti, na juu ya magoti kuna kile kitabu cha msichana na farasi, kimechakaa, jalada halipo.

"Utamfundisha nini, Tirzah?" nikamuuliza.

"Keren," Tirzah akasema, "msomee dada Keturah."

Keren akapeleka kidole chini ya mstari. Akasoma, akakwama kwenye neno lile lile refu, akalimaliza, akatabasamu. Na ukurasa ulipoisha, alifunua kwa wakati wake kabisa.